Waliokula Chakula cha Jumanne

Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, nilifiwa na mke wangu. Asubuhi alipika. Mchana nilipeleka machimboni chakula alichopika, na niliporudi nikakuta majirani wamejaa uani kwangu, wanawake wamekaa chini, na hakuna aliyeitikia salamu yangu. Waliniambia alianguka akiwa anaanua nguo kwenye kamba. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, na khanga aliyokuwa akiianua walikuwa wamemfunika nayo.

Nimesoma hadi darasa la nne na sijui kuremba maneno. Naandika yaliyofuata kwa sababu watu wa machimboni kule wameyasimulia miaka yote vibaya. Wanasema nilikaa nikigombania malipo ya ugali na huku kaburi la mke wangu halijakauka. Sikugombania malipo. Kama wangenilipa mara mbili nisingepokea.

Mke wangu alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Mimi ni Msukuma, kwetu ni karibu na Kolandoto. Tulianza maisha kwa kulima pamba, na pamba ilipotuangusha tukahamia mbele ya Runzewe, njia ya kuelekea Geita, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu kwa sururu na kamba. Mimi sikuwa na kifua cha kushuka shimoni. Nilikuwa na baiskeli. Yeye alikuwa na mikono ya kupika. Basi tukaishi kwa vitu hivyo viwili.

Machimbo yale yalikuwa na miiko mingi kuliko kanisa. Mwanamke hakutakiwa kusogelea duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia. Mluzi hakuna kupiga. Ukiota umeoa, siku hiyo hushuki. Kwa hiyo wanawake walipikia majumbani, na sisi wanaume wenye baiskeli tukapeleka. Wachimbaji walituita keria, kwa sababu ya kile chuma cha nyuma tulichofungia masufuria kwa mipira ya tairi. Hakuna aliyekuita kwa jina lako. Ukifika tu, mtu anapiga kelele, "Keria hao!" na vichwa vinaanza kutoka ardhini.

Kazi ya keria haikuwa ngumu kwa sababu ya mzigo. Ugumu ulikuwa kwa walaji. Tulikuwa tunawapa chakula kwa mkopo, wakilipa Jumamosi, na siku ya kulipa kila mtu alikumbuka njaa yake na kusahau shibe yake. Kundi moja lilikuwa na mtindo wake. Unawakabidhi sufuria, unageuza baiskeli, na kabla hujafika barabarani unakuta mwenzao mmoja amekaa chini, ameshika tumbo.

"Keria, leo umetusahau."

"Nimewapa sasa hivi."

"Umempa nani?"

"Yule mwenye fulana ya kijani."

"Yule si wetu. Yule anapenda tu kusimama karibu na duara letu."

Na mwenye fulana ya kijani anakuja nyuma yake, anajifuta mafuta mdomoni, anauliza kwa upole, "Kwani chakula bado?"

Wengine walificha sufuria chini ya viroba vya mawe na kuapa kwa mama zao. Wengine walikula nyama, wakarudisha mchuzi, wakasema nyama ilipotelea njiani. Mimi ni mpole kwa asili, na mwanzoni nilipoteza sana. Mke wangu hakuwa mpole. Aliniambia, "Wewe usiwape mgongo. Kaa pale. Wanawe mikono ukiwaona, wamege tonge la kwanza ukiwaona, ndiyo uondoke. Mtu akishameza mbele yako atasemaje?" Tangu hapo nikafanya hivyo. Nilisimama kwenye mstari wa mawe ambao keria hakuruhusiwa kuuvuka, nikashika usukani, nikangoja tonge la kwanza. Wakanitania kwamba nawatolea macho kama mbwa. Nikawaacha wanitanie.

Sasa hao ninaotaka kuwaeleza hawakuwa kundi la fulana ya kijani. Hao walikuwa wateja wetu wa kwanza na wazuri kuliko wote. Walichimba kwenye duara la upande wa juu. Mwenye duara alikuwa mtu mnene wa Nyasubi, Kahama, mcheshi, anayevaa kofia ya ngozi hata jua likiwaka. Chini yake kulikuwa na vijana wa kuvuta kamba, na mzee mmoja wa Kizinza ambaye ndiye aliyekuwa anashuka mbele ya wote kusikiliza mwamba. Mke wangu walimwita dada, ingawa wengi wao walikuwa hawajamwona. Mimi waliniita shemeji. Hawakuwahi kunikana hata mara moja.

Jumanne ile niliwapelekea wao peke yao, ugali wa muhogo na maharage. Nilisimama kwenye mstari. Niliwaona wananawa, nikaliona tonge la kwanza la mwenye duara na la mzee wa Kizinza. Nikaondoka. Mimi mwenyewe sikuwa nimekionja chakula kile. Desturi yangu ilikuwa kula nikirudi, na siku hiyo niliporudi nilikuta msiba. Kilichobaki jikoni wanawake walikimwaga, majivu wakayazoa, moto ukazimwa, kama inavyofanywa kwenye nyumba yenye maiti. Kwa hiyo katika dunia hii walioonja chakula chake cha mwisho walikuwa watu wa duara lile tu.

Tulimzika kesho yake. Wachimbaji walikuja kwa wingi na kulichimba kaburi haraka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao, tena wakalinyoosha kuta vizuri. Watu wa duara la juu hawakuja. Hata mmoja. Nililiona hilo, lakini siku hiyo sikuwa mtu wa kuuliza.

Mama mkwe alifika kutoka Ushirombo akiwa na rozari shingoni na mtoto wetu wa kike mgongoni, maana alikuwa analelewa kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa ndani siku za mwanzo bila kuniambia chochote zaidi ya kuniitikia shikamoo. Halafu asubuhi moja aliniita.

"Mwanangu alipika siku ile?"

"Alipika, mama."

"Alipika nini?"

"Ugali na maharage."

"Nani alikula?"

Nikamwambia. Akasema, "Basi waite. Siku ya kunyoa wawepo."

Kwao ilikuwa hivyo. Mwanamke akifa ghafla, wale waliokula mapishi yake ya mwisho huhesabiwa miongoni mwa wafiwa. Siku ya kumaliza msiba wanakaa mbele, wananyolewa pamoja na watoto wake na mume wake. Mama mkwe alisema chakula cha mwisho kikikosa mtu wa kukikiri ni kama mwanamke yule alikufa mikono mitupu. Alikuwa Mkatoliki wa misa kila Jumapili, na hili aliliamini kama alivyoiamini misa. Siku ya kunyoa ilikuwa inamngoja kaka wa marehemu, ambaye alikuwa bado yuko mbali akiuza pamba. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuwaita.

Nikapanda baiskeli, nikaenda. Nilifikiri ni jambo dogo. Nilijua watanipa pole, watanipa na vyombo vyangu, na watauliza ni siku gani.

Nilisimama kwenye mstari wa mawe. Mwenye duara alikuwa amekaa kwenye kiroba.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shemeji. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Pole sana. Pole sana kwa kweli. Dada yetu yule."

"Tumeshapoa. Nimekuja kuwaita siku ya kunyoa. Mama mkwe anawaomba mje, kwa sababu nyinyi ndio mliokula chakula chake cha mwisho."

Mwenye duara aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Chakula gani, shemeji?"

"Cha Jumanne."

"Jumanne ulikuwa na msiba."

"Msiba niliukuta nikirudi. Nilikuwa nimeshawaletea."

"Hapana, shemeji. Siku ile hukuja. Tulikaa hapa na njaa mpaka jioni, na tulipopata habari za msiba tukasema, basi, ndiyo maana hakuja. Hatukukulaumu. Mtu aliyefiwa ataletaje chakula?" Akawageukia wenzake. "Alikuja?"

Vijana wa kamba wakatazama chini. Mmoja akasema hakumwona keria siku ile. Mzee wa Kizinza alikuwa ananoa patasi yake, akaendelea kunoa.

"Na vyombo vyangu?" nikauliza.

"Vyombo gani? Umechanganyikiwa, shemeji. Ni uchungu. Nenda ukapumzike."

Alilisema kwa huruma, na huruma ile iliniuma zaidi kuliko matusi. Wale wa fulana ya kijani waliponikana nilijua wanaiba shibe, na mwizi nilimwelewa. Huyu alikuwa ananinyang'anya asubuhi ya mwisho ya mke wangu, tena huku akinipa pole.

Nilirudi nikamwambia mama mkwe kama ilivyokuwa, neno kwa neno. Sikupunguza. Akauliza swali moja tu. "Ulikipeleka kweli?" Nikasema nilikipeleka. Akarudi kwenye rozari yake. Lakini uani maneno yakaanza. Nilisikia mmoja akisema labda nilikiuza kwa duara lingine. Mwingine akasema labda nilikula mwenyewe njiani nikaogopa kusema. Shemeji yangu mmoja, mke wa kaka wa marehemu, alisema mbele yangu bila kuficha, "Au hakupika kabisa, mnamsingizia marehemu sifa."

Hapo ndipo nilipokataa. Sikupiga kelele, si tabia yangu. Nilikataa moyoni kabisa, kama mtu anavyokataa kuhama shamba lake.

Nilianza kwa mwenyekiti wa wachimbaji. Alikuwa anasikiliza mashauri kwenye banda la watwanga mawe, katikati ya kelele za vyuma, kwa hiyo kila mtu alilazimika kusema kwa sauti na kila mtu alisikia. Akamwita mwenye duara. Kila mmoja akasema lake.

"Una shahidi?" mwenyekiti akaniuliza.

"Shahidi ni aliyepika."

Watwanga mawe wawili watatu wakaacha kutwanga.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani wana njia yao ya kukuumiza. Alisema, "Tusivutane kwa ajili ya ugali. Tukate katikati. Wewe useme pengine siku ile ulichelewa ukawakosa. Wao waseme pengine kilifika wakala wengine. Halafu walipe nusu, mpeane mikono."

"Hakupika nusu," nikasema.

"Ndugu yangu, uelewe."

"Nimeelewa. Malipo wakae nayo yote. Vyombo wakae navyo. Mimi nataka waseme walikula, waje wanyolewe."

Mwenye duara akacheka, lakini kicheko hakikumfika machoni. "Kunyolewa tena! Mimi mwenye upara huu mtaninyoa nini?" Akaivua kofia kuwaonyesha watu. Wakacheka. Shauri likaishia hapo.

Kesho yake, saa ya chakula, nilipanda baiskeli ikiwa tupu. Hakuna sufuria, hakuna mpira, keria linagonga tu kwenye mashimo ya njia. Nikaenda mpaka kwenye mstari wa mawe wa duara la juu, nikasimama pale pale nilipokuwa nikisimama siku zote, nikashika usukani.

"Chakula cha Jumanne mlikula au hamkula?"

Kijana mmoja wa kamba akasema, "Shemeji, leo umetuletea hewa?"

"Nimewaletea swali."

"Swali lina nyama?"

"Lina maharage," nikasema.

Nikangoja muda ule ule ambao huwa nawangoja wanawe na wamege, kisha nikageuza.

Nilifanya hivyo kila siku. Wateja wangu wote niliwaachia keria wengine, nikasema kwa sasa wapelekeeni nyinyi. Nilishinda nikila michembe, viazi vile vya kukaushwa, na maji. Saa ya chakula nilisimama pale na keria tupu, nikauliza swali lile lile kwa maneno yale yale, sikuongeza tusi hata moja. Watu wa maduara ya jirani walianza kunizoea. Wengine wakanifanya mchezo. "Keria wa maneno amefika!" wakaita. "Leo mboga ni nini?" Siku moja walitoa upepo kwenye tairi zote mbili wakati nikiwa nimesimama nikiuliza, na mimi nawaona. Niliisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Siku iliyofuata nilirudi.

Kuna siku mwenye duara alinitumia kijana barabarani. Alinipa mfuko wenye sukari, mche wa sabuni na paja la mbuzi. Mwaka ule sukari na sabuni havikuonekana hata kwa dawa. Kijana akasema, "Mkubwa anasema ni rambirambi. Anasema usije tena."

"Ni rambirambi au ni nisije?"

"Vyote viwili, nadhani."

Nilimrudishia. Nyumbani walinilaumu, kwa sababu walikuwa wamemwona kijana yule akipita na paja la mbuzi. Yule shemeji yangu alisema nina kiburi cha maskini. Sikumjibu, lakini namjibu hapa: ndiyo, nilikuwa nacho, na ndicho kitu pekee nilichobaki nacho siku zile ambacho hakuna mtu aliyeweza kusema hakukiona.

Mzee wa Kizinza ndiye aliyenieleza. Alinikuta ninaziba pancha kando ya njia, akachuchumaa. Alikuwa na jicho moja lililoingiwa na kipande cha jiwe zamani, kwa hiyo alikutazama kwa upande.

"Wewe unafikiri ni malipo," akasema.

"Sifikiri chochote, mzee. Nauliza."

"Si malipo. Tumeukaribia mwamba. Mbale yenye dhahabu inaanza kuonekana, mawe yana nyota. Na mganga wa duara alituambia tangu zamani: aliyekula chakula cha jiko lililofiwa siku hiyo hiyo, asishuke mpaka waliofiwa wanyoe. Akishuka, ardhi inamfunga. Jioni ile tulipopata habari, mwenye duara akatukusanya, akasema hatukula. Alisema tukisema sote hatukula, itakuwa hatukula. Vyombo vyako tulivitupa kwenye duara la zamani lenye maji."

"Kwa nini msingojee tu mpaka tunyoe?"

"Majirani wanakuja chini kwa chini. Tunasikia sururu zao. Tukilala wiki moja tu, wanatoboa, mwamba unakuwa wao. Sisi tumekaa kwenye shimo lile tangu masika ya mwaka jana, mwanangu. Kuna watu wameacha wake zao Bukombe kwa ajili ya lile jiwe."

Nilimaliza kuziba pancha. Nilimwambia, "Mimi si mganga. Sijui kama ardhi inafunga watu. Lakini najua mlikula."

"Ukiendelea kuuliza, ipo siku mtu atakujibu."

"Ndicho ninachotaka."

"Na duara litafungwa."

"Lifungwe."

Alinitazama kwa jicho lake zima. Nadhani alitegemea kwamba nikishajua sababu nitaona haya na kuwaacha. Nimefikiria sana miaka iliyopita kama ningepaswa kuwaacha. Walikuwa watu wa jasho, hawakuwa matajiri. Lakini kila nikifikiria narudi mahali pale pale. Walikuwa na haki ya kuliogopa shimo lao. Walikuwa na haki ya kuniambia, shemeji, tunaomba uwahishe kunyoa, na mimi ningempigia magoti mama mkwe. Hawakuwa na haki ya kumfuta mtu ili wao waendelee kuchimba.

Kesho yake nilikwenda tena. Jua lilikuwa kali, vumbi la Agosti limejaa hewani, na keria mwingine alikuwa amewaletea chakula chao. Walikuwa wamekaa wakizunguka sufuria. Mzee wa Kizinza alikuwa bado na kamba kiunoni, ndiyo kwanza ametoka chini.

"Chakula cha Jumanne mlikula au hamkula?"

Mwenye duara akasema bila kugeuka, "Mpeni tonge huyu aondoke."

Mzee akanawa mikono. Akasema, "Mimi nilikula."

Niliisikia sauti yake lakini kwanza sikuelewa, kwa jinsi nilivyozoea kutojibiwa.

"Mzee, nyamaza," mwenye duara akasema.

"Nilikula. Nilimega wa pili baada yako. Na wewe ulikula ukaramba vidole." Alianza kufungua kamba kiunoni, polepole, kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa na jasho. "Kila nikiwa chini nalisikia swali la huyu bwana. Nasikiliza mwamba, nasikia yeye. Mtu hawezi kuchimba hivyo."

"Unajua unachotufanyia?"

"Najua."

"Watu hawa wote, mzee. Watoto wao."

"Wao waseme la kwao. Mimi nimesema la kwangu."

Mwenye duara akasimama, sufuria ikapinduka. Alinijia mimi, si mzee. Alisimama upande wake wa mstari wa mawe, uso karibu na uso wangu, ananuka tumbaku na vumbi la jiwe.

"Umefurahi?"

"Bado wewe," nikasema. "Mlikula au hamkula?"

Nilidhani atanipiga. Alinitazama, kisha akatazama duara lake, na nilimwona anafanya hesabu zake kichwani na hesabu zinamkatalia. Kwa sababu keria mwingine alikuwa pale, na watu wa duara la jirani walikuwa wameshasimama wakisikiliza, na kabla ya jioni machimbo yote yangejua mzee amekiri. Hakuna kijana wa kamba ambaye angeshuka tena na neno lile limetoka.

Aliivua kofia, akaipiga kwenye goti ikatoa vumbi, akaenda kukaa kwenye kiroba chake akiwa amegeukia upande mwingine. Vijana wakaanza kuipandisha kamba. Hivyo ndivyo duara la juu lilivyofungwa.

Jioni ile mzee na kijana mmoja walinipeleka kwenye duara la zamani. Walifunga kulabu kwenye kamba wakavua. Sufuria kubwa ilipatikana, imejaa tope. Ndogo haikupatikana.

Mama mkwe nilimwambia, "Wamekubali, mama. Mmoja wao." Akauliza, "Mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mmoja anatosha kukaa mbele." Kisha alinyanyuka, akaenda kumwambia yule shemeji yangu, mke wa mwanawe, kitu ambacho sikukisikia, na yule mama hakunitazama usoni tena mpaka walipoondoka.

Watu wamenilaumu kwamba nilivunja riziki ya kundi zima. Ni kweli majirani walitoboa. Nilisikia walipata mbale nzuri, wakanunua na redio. Mwenye duara alirudi Nyasubi na sikumwona tena. Sikulisikitikia duara, na sitaandika hapa kwamba nililisikitikia ili watu wanione mwema.

Kaka wa marehemu alipofika, tulinyoa. Ilikuwa asubuhi, katekista akasali kwanza. Walikuja watatu kutoka duara la juu: mzee wa Kizinza na vijana wawili wa kamba, wameoga, mmoja amevaa shati la kuazima linalombana mabegani. Mama mkwe aliwakalisha mbele, kwenye mkeka, karibu na mtoto wangu. Aliwasalimia mmoja mmoja. Vijana walimwamkia kwa vichwa vilivyoinama.

Mtoto alinyolewa wa kwanza. Halafu mimi. Halafu mzee akainamisha kichwa, na shangazi wa marehemu aliyeshika wembe akamlowesha nywele zake za mvi. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na kichwa changu kinasikia baridi.

"Mzee," nikamwambia, "kilikuwaje?"

"Kipi?"

"Chakula cha Jumanne. Mimi sikukionja."

Wembe ulikuwa karibu na sikio lake. Nilimwona anafikiria kama aniambie kitu kizuri.

"Maharage yaliungua," akasema. "Yalishika chini kabisa. Vijana walinung'unika, wakasema leo dada amelala jikoni. Tulikula hivyo hivyo."

Kwa miaka yote niliyoishi naye mke wangu hakuwahi kuunguza chakula. Asubuhi ile aliniambia kichwa kinamgonga kidogo, akafunga masufuria kwenye keria kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia niwahi.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa nyuma yetu na rozari yake. Alimuuliza mzee, "Mlimaliza?"

"Tulimaliza, mama. Tulikwangua mpaka chini."

Shangazi akasema maji yamechafuka, bado kuna vichwa viwili. Nikachukua beseni, nikaenda kumwaga, nikaleta mengine.